Uvimbe Ulioyeyuka: Historia ya Saratani ya Taya na Seli Zinazojua Kufa

  Leo tutaweka kando ratiba ya chanjo na uji wa mtoto, tuzungumze kuhusu kifo. Msishtuke, wala usizime redio, mama. Ninasema juu ya kifo cha seli, vile vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho ambavyo hujenga mwili kama matofali yanavyojenga nyumba. Mwili wenye afya huua seli zake wenyewe kila siku, kwa mabilioni, na usipofanya hivyo ndipo tunapopata shida.

Mfano wa kwanza uko mikononi mwa mtoto wako. Mimba ikiwa bado changa, mkono wa mtoto huwa kama kijiko au mguu wa bata, vidole vimeshikana. Kisha seli zilizo kati ya kidole na kidole hupata amri ya kufa, nazo hufa kwa utaratibu, na vidole vinaachana. Mtoto akizaliwa na vidole vilivyoshikana, mara nyingi ni kwa sababu kazi hiyo haikukamilika. Hakuna mtu aliyemroga.

Mfano wa pili unaujua vizuri zaidi. Ukimwachisha mtoto kunyonya, zile seli zilizokuwa zikitengeneza maziwa hazina kazi tena. Nyingi hufa kimya kimya, bila usaha na bila kidonda, na seli jirani husafisha mabaki. Baada ya majuma machache matiti yamerudi hali ya kutonyonyesha. Ukipata mimba nyingine, seli mpya zinaundwa.

Sasa tuone jinsi jambo hili lilivyogeuka kuwa tiba. Sehemu kubwa ya hadithi hii ilitokea hapa kwetu Afrika Mashariki, ndani ya miili ya watoto wetu.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mmoja wa watoto aitwaye Hugh Trowell alimwita mwenzake amwangalie mvulana wa miaka mitano. Mwenzake huyo alikuwa Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland ambaye alikuwa amepoteza jicho moja akiwa mtoto. Uso wa mvulana ulikuwa umevimba pande zote, taya la juu na la chini, kushoto na kulia, meno yamelegea. Burkitt hakuwa amewahi kuona jipu wala maradhi ya mfupa ya namna hiyo. Majuma machache baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja, akatazama nje dirishani, akamwona msichana mdogo ameketi na mamaye, uso umevimba vilevile. Alipompima akakuta pia uvimbe tumboni. Burkitt alisema baadaye kwamba jambo likitokea mara moja unaweza kulipuuza, lakini mara mbili ni lazima ujiulize.

Akaanza kufukua mafaili ya zamani. Ugonjwa huu haukuwa mgeni. Albert Cook, daktari mmishenari wa Hospitali ya Mengo, alikuwa amewaona watoto kama hao miaka mingi kabla yake na kuandika habari zao. Akina mama wa Uganda na wa kando ya Ziwa Victoria walikuwa wakiujua pia, maana wao ndio waliokuwa wakizika. Lakini hakuna aliyekuwa ameunganisha taya, tumbo na jicho lililotokeza kuwa ugonjwa mmoja. Burkitt alichapisha makala yake ya kwanza mwaka 1958, na muda si mrefu madaktari wa maabara pale Kampala, akiwemo George O'Conor, wakaonyesha kwamba hii ni saratani ya seli za kinga, wale askari wa mwili wanaokaa kwenye tezi. Leo inaitwa limfoma ya Burkitt.

Mwezi wa Oktoba 1961, Burkitt na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu la Ford wakaelekea kusini. Walisafiri majuma kumi, maili 10,000, yaani kama kilomita 16,000, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakisimama katika hospitali moja baada ya nyingine na kuonyesha picha: je, mmewahi kumwona mtoto kama huyu? Majibu yalichora ramani. Kwenye joto na mvua, ndiyo. Kwenye nyanda za juu zenye baridi, karibu hakuna. Ndiyo maana hata hapa Kenya ugonjwa huu unajulikana zaidi kando ya ziwa na Pwani kuliko Nyandarua. Wengine wakagundua kwamba ramani hiyo inafanana sana na ramani ya malaria kali ya mwaka mzima. Nitarudi kwenye malaria.

Swali la mama, hata hivyo, halikuwa ramani. Swali lilikuwa: mtoto wangu atapona?

Upasuaji ulishindwa. Kukata taya la mtoto kulimharibu uso na bado uvimbe ulirudi. Mashine za mionzi hazikuwapo Uganda. Zilibaki dawa, na wakati huo dawa za saratani zilikuwa changa na za kutisha. Baadhi yake zilikuwa na asili ya vita. Mwaka 1917, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walitumia gesi ya haradali dhidi ya askari, na madaktari waliowapima wahasiriwa wakaona kwamba seli za damu zimepungua mno. Wamarekani, katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1942, wakajaribu dawa ya ukoo wa gesi hiyo kwa mgonjwa mwenye saratani ya tezi, na uvimbe ukanywea kwa muda. Kutoka katika ukoo huohuo, wanakemia wa Ujerumani walitengeneza siklofosfamidi katika miaka ya 1950. Dawa nyingine, vinkristini, ilitoka kwenye ua la rangi ya waridi lenye asili ya Madagaska ambalo wengi wetu tumelipanda uani kwa uzuri wake. (Tafadhali usilichemshe ukampa mtu. Kiwandani hutolewa kiasi kidogo sana kilichopimwa, na ua lenyewe ni sumu.)

Madaktari wa Marekani walileta dawa Kampala na pia Nairobi, ambako daktari Peter Clifford alikuwa akiwatibu watoto katika hospitali kuu, ile ambayo leo ni Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Walianza na methotreksati, kisha siklofosfamidi, kisha vinkristini. Na hapo likatokea jambo lililowaacha wakubwa wa udaktari duniani midomo wazi. Mtoto aliyekuja na uso uliovimba kama boga alipewa sindano, na katika siku chache uvimbe ukaanza kuyeyuka. Baada ya majuma mawili matatu uso wake ulikuwa uso wake tena. Baadhi walipewa dozi moja au mbili tu, kwa sababu dawa ilikuwa haba au kwa sababu familia ilirudi nyumbani, na wachache kati yao hawakuugua tena maisha yao yote. Siku hizo kulikuwa na wataalamu Ulaya na Marekani waliokuwa hawaamini kwamba saratani inaweza kupona kwa dawa peke yake. Watoto wa Uganda na Kenya walikuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kuwaonyesha kwamba inawezekana. Jambo hili halisemwi vya kutosha mashuleni kwetu.

Mwaka 1967 kikafunguliwa kituo maalumu cha matibabu ya limfoma Kampala, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Makerere na Wamarekani. Ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Sebastian Kyalwazi, daktari Mganda wa upasuaji, alikuwa mmoja wa walioisimamisha, na John Ziegler kutoka Marekani aliiongoza mwanzoni. Mwaka 1972, Uganda ilipokuwa chini ya Idi Amin na wageni wakiondoka, Charles Olweny, Mganda, akaishika kazi ile.

Lakini kwa nini uvimbe uliyeyuka hivyo? Saratani nyingine hupigwa kwa dawa zilezile na hazisikii. Jibu lilitoka kwa watu ambao hawakuwa wakitibu mtoto yeyote.

Daktari mmoja wa maabara kutoka Australia, John Kerr, alikuwa London miaka ya 1960 akichunguza maini ya panya kwa hadubini. Aliona seli zikifa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ile ya jeraha: seli inavimba, inapasuka, inamwaga uchafu wake, na mahali pale panakuwa pekundu na pa moto, kama jipu. Namna ya pili ilikuwa ya adabu. Seli inajikunja, inajikatakata vipande vidogo vilivyofungwa vizuri kama vifurushi, na seli jirani zinavimeza bila fujo. Baadaye Kerr alikwenda Aberdeen, Scotland, akafanya kazi na Alastair Currie na Andrew Wyllie, na mwaka 1972 wote watatu wakalipa jambo hilo jina la Kigiriki, apoptosisi, lenye maana ya kupukutika, kama majani yanavyopukutika mtini. Walisema seli inayokufa hivyo inatii amri iliyomo ndani yake.

Kwa miaka mingi ni wachache waliojali. Kisha mnyoo mmoja mdogo, wa milimita moja tu, ukathibitisha. Sydney Brenner, John Sulston na Robert Horvitz waliufuatilia seli kwa seli tangu yai. Mnyoo huo unapokua huunda seli 1,090, na kati ya hizo 131 hufa, kila mara zilezile na kwa wakati uleule. Horvitz akatafuta jeni zinazotoa amri ya kufa akazipata, na binadamu tunazo za ukoo huo. Watu hao watatu walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Sasa turudi kwa mtoto wa taya. Madaktari wa Kampala walipoweka kipande cha uvimbe chini ya hadubini waliona giza la seli zilizobanana, na katikati yake madoa meupe yaliyotawanyika. Wakaiita picha hiyo anga lenye nyota. Zile nyota ni seli wasafishaji, zimeshiba mabaki ya seli za saratani zilizokufa zenyewe. Maana yake uvimbe huu, unaokua kuliko karibu saratani zote za binadamu, tayari unakufa huku unakua.

Sababu iligunduliwa polepole. Ndani ya seli hizi jeni moja iitwayo MYC imehamishwa mahali pake ikawekwa pasipostahili, na huko inapiga kelele mchana na usiku: gawanyikeni, gawanyikeni. Lakini jeni hiyohiyo ikizidi inaiambia seli ijiue pia, kama ulinzi wa mwili. Ili saratani iishi, ni lazima sauti hiyo ya pili izibwe. Kuna kirusi kinachosaidia kuziba. Kiligunduliwa mwaka 1964 na Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr huko London, kutoka kwenye kipande cha uvimbe kilichotumwa kwa ndege kutoka Kampala. Ndege ilichelewa kwa sababu ya ukungu ikatua Manchester, na maji ya chupa yalipofika yalikuwa yamechafuka hata wakataka kuyamwaga. Kumbe uchafu ule ulikuwa seli za saratani zikielea, hai kabisa.

Karibu kila mtoto wa kwetu hupata kirusi hiki cha Epstein na Barr akiwa mdogo, kupitia mate, na wengi mno hawapati saratani. Kwa hiyo mama asijilaumu kwa kumbusu mtoto au kumtafunia chakula. Saratani yenyewe haiambukizi. Watoto wengine wanaweza kulala naye na kula naye. Malaria ya mara kwa mara ndiyo inayozidisha hatari: huwasumbua askari wa mwili wagawanyike bila kupumzika, hapo makosa ya jeni hutokea, na ulinzi dhidi ya kirusi hudhoofika. Kwa mama wa Siaya, Busia au Kilifi, neti iliyotiwa dawa ina kazi hata hapa. Chanjo ya malaria, iliyoanza kutolewa magharibi mwa Kenya Septemba 2019, inapunguza malaria kali. Mtoto wako akistahili, mpeleke apate dozi zote.

Basi hebu fikiria seli ya Burkitt kama mtu aliyesimama ukingoni mwa shimo. Amri ya kufa imeshatolewa, imezibwa tu. Siklofosfamidi inaharibu uzi wa jeni ndani ya seli, na msukumo huo mdogo unatosha: seli zinaanguka kwa mabilioni katika siku chache. Saratani nyingine zimesimama mbali na ukingo, ndiyo maana hazisukumwi kirahisi.

Wanasayansi waliendelea kutafuta kizibo chenyewe. Mwaka 1984 Yoshihide Tsujimoto na Carlo Croce walipata jeni nyingine, BCL-2, katika limfoma ya aina tofauti, na mwaka 1988 David Vaux na wenzake wa Melbourne wakaonyesha kwamba kazi yake ni kuizuia seli isife. Ikachukua karibu miaka thelathini zaidi kutengeneza kidonge kinachokifungua kizibo hicho. Kinaitwa venetoklaksi, na kilikubaliwa Marekani mwaka 2016 kwa saratani fulani ya damu ya watu wazima. Si dawa ya taya la mtoto, na bei yake bado ni kubwa. Nakitaja kwa sababu kilitengenezwa tangu mwanzo kwa lengo la kuirudishia seli ya saratani uwezo wake wa kufa. Kwa watoto wetu, dawa kuu mpaka leo ni zile za zamani za Kampala na Nairobi.

Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri zaidi, mama. Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Ukiona meno ya mtoto yanalegea kabla ya wakati, au taya linavimba bila maumivu makali, jicho linatokeza, au tumbo linajaa upesi, usimpeleke kwa mng'oa meno ukasubiri kidonda kipone. Watoto wengi hupotezewa majuma hapo. Mpeleke kituo cha afya, uombe waziwazi apewe rufaa hospitali kubwa akatolewe kipande kidogo cha uvimbe kipimwe. Katika nchi tajiri zaidi ya watoto tisa kati ya kumi wenye ugonjwa huu hupona. Kwetu idadi bado iko chini sana ya hapo, kwa sababu ya kuchelewa, kwa uhaba wa dawa, na kwa watoto wanaoondolewa wodini katikati ya matibabu.

Najua kwa nini wanaondolewa. Nauli imekwisha, shamba limeota magugu, wengine nyumbani hawana mtu, na mtoto mwenyewe anacheka na kula, uvimbe haupo. Baba anapiga simu: si amepona, mrudi? Lakini jicho haliwezi kuona seli milioni moja. Zile zilizobaki baada ya dozi ya kwanza ni zile ngumu, zilizosimama mbali kidogo na ukingo, nazo zikiachwa hurudi, na zikirudi husikia dawa kwa shida. Kabla hujakubali kuondoka, mwambie daktari au afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali kwamba shida ni nauli. Sema hivyo hivyo, bila haya. Mara nyingi kuna njia ambayo hukuambiwa.

Siku za kwanza utaona wauguzi wakimtilia mtoto maji mengi mshipani na kukusumbua usiku upime mkojo wake. Si adhabu. Seli nyingi zikifa kwa pamoja, takataka zake huingia kwenye damu na zinaweza kuziba figo. Mkojo ukipungua, mwamshe muuguzi hata kama ni saa tisa za usiku. Nywele zikidondoka zitaota tena. Ila homa yoyote baada ya dawa ni ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo, maana dawa hupunguza pia askari wazuri wa damu. Usimpe Panadol ukalala.

Imebaki sindano ya mgongoni, ambayo akina mama wengi huikataa wakiogopa mtoto atapooza. Madaktari wa Kampala waliona mapema kwamba watoto fulani waliopona taya walirudi wakiwa na kichwa kinachouma, au uso umepinda upande mmoja. Seli zilikuwa zimejificha kwenye maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, mahali ambapo dawa ya mshipani haifiki vizuri. Ndiyo sababu methotreksati hupelekwa huko moja kwa moja. Sindano huingia chini, kiunoni, mahali ambapo uti wenyewe umeshakwisha na imebaki mishipa inayoelea majini. Mshike mtoto wako ajikunje kama paka, mwambie asitikisike, na mzungumzishe mpaka daktari amalize.

Juma lijalo, saa kama hii, tutazungumza juu ya homa kwa mtoto mchanga. Kwaherini.